Kuhurumia, Kuhurumiana na Kushiriki: Juu ya Kutafsiri Neno ‘Compassio’

Miongoni mwa maneno yanayowataabisha wafasiri wetu ni yale yatajayo hisia ambazo mtu huwa nazo pamoja na mwenzake. Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa maneno ya namna hiyo. Tunayo huruma, rehema, imani, pole na rambirambi, na kila mojawapo lina mahali pake. Taabu hutokea pale mfasiri anapoliacha ghala hili, akalichukua neno la kigeni, akalivunja vipande, kisha akataka kila kipande kipatiwe mwenzi wake katika lugha yetu. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja la Kilatini, ‘compassio’, ambalo ndilo mzazi wa maneno mengi ya Ulaya yenye maana ya huruma, na kupima namna linavyofasiriwa. Tutaonyesha kwamba kosa kubwa katika tafsiri hizo halitokani na uchaguzi wa shina, bali na kiambishi kimoja kidogo cha mwisho.

Kilichotusukuma kuandika ni rasimu ya mwongozo wa wahudumu wa afya ambayo tulipewa kuipitia. Ofisi iliyoitunga hatuitaji, kwa kuwa nia yetu ni kuonya wala si kuumbua. Rasimu hiyo ilitafsiriwa kutoka katika lugha ya kigeni, na sentensi yake mojawapo ilisema kwamba muuguzi ‘ahurumiane na mgonjwa wakati wote’. Mbele kidogo ilitumia jina ‘uhurumiano’. Sisi wenyewe, kwa mazoea ya ofisini, tulizipitia sentensi hizo mara mbili bila kushtuka. Tuliposomewa tena huko Mwaya, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Kyela, ndipo tuliposhtushwa. Tulikuwa tumekaa na wahudumu wachache pamoja na wazee wa mahali hapo ili kuijaribu rasimu mbele ya watu watakaoitumia. Mzee mmoja wa kike, baada ya kusikiliza kwa utulivu, alituita ‘wanangu’, akatuuliza kama mgonjwa naye, kitandani alipo na homa yake, amepangiwa zamu ya kumhurumia muuguzi. Watu walicheka. Hatukuwa na jibu, kwa sababu sarufi ilikuwa upande wake.

Chanzo cha neno

Neno ‘compassio’ limeundwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni kiambishi awali ‘com-’, ambacho asili yake ni ‘cum’, yaani ‘pamoja na’. Umbo la kiambishi hiki hubadilika kufuata sauti inayofuata: huwa ‘com-’ mbele ya p, b na m, huwa ‘col-’ mbele ya l, na ‘cor-’ mbele ya r, na mbele ya konsonanti nyingine nyingi huwa ‘con-’. Mwalimu wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili, maana nazali yetu ya ngeli ya nyumba nayo hubadilika vivyo hivyo: twasema nyumba mbaya lakini nyumba ndefu.

Sehemu ya pili ni kitenzi ‘pati’, yaani kupatwa na jambo, kustahimili, kuteseka. Hapa yafaa tutoe tahadhari. Msomaji asije akadhani kwamba ‘pati’ hii ina udugu na kitenzi chetu -pata, au na kauli yake ya kutendwa, -patwa na msiba. Kufanana huko ni kwa bahati tu. Hata hivyo bahati hiyo yaweza kumsaidia mwanafunzi kukumbuka maana.

Kitenzi hiki ni cha kundi ambalo wanasarufi wa Kilatini huliona kuwa la pekee: umbo lake ni la kutendwa, ilhali maana yake si ya kutendwa. Mroma aliposema ‘patior’ alitumia mwisho wa kitenzi cha kutendwa, lakini alikusudia ‘nateseka’ au ‘nastahimili’. Kiswahili nacho kina vitenzi vilivyo karibu na hali hiyo. Mtu asemapo ‘naumwa’, umbo ni la kutendwa, kutoka -uma, lakini hafikirii nani amuumaye. Anaieleza hali yake tu. Kitenzi kilicho bora zaidi kwa mfano ni -fiwa. Kutoka -fa twapata -fia, na kutoka -fia twapata -fiwa. Aliyekufa ni mwingine, lakini kiima cha sentensi ni yule aliyebaki na machungu: ‘Juma amefiwa na baba yake’. Lugha nyingi za Ulaya hazina kitenzi kimoja cha kusema jambo hili kwa ufupi namna hiyo.

Ukoo wa ‘pati’ ni mkubwa. Neno ‘patiens’, yaani ‘mwenye kuteseka, mwenye kustahimili’, ndilo lililozaa jina la mgonjwa katika Kiingereza na Kifaransa. Neno ‘passio’ ndilo lililotumiwa kwa mateso ya Kristo. Neno ‘passivum’ ndilo jina la kauli ya kutendwa katika sarufi. Basi mgonjwa, mateso, kauli ya kutendwa na huruma, katika Kilatini, ni watoto wa nyumba moja.

Neno lililoundwa makusudi

Yafaa wanaistilahi wajue kwamba ‘compassio’ halikuwa neno la kale la Waroma. Waroma wa kale waliposema juu ya huruma walitumia ‘misericordia’, lililoundwa kwa ‘miser’, mwenye taabu, na ‘cor’, moyo. Wagiriki kwa upande wao walikuwa na neno ‘sumpatheia’, lenye maana ya kupatwa na jambo pamoja, lakini hawakulitumia kwa hisia za watu peke yake. Wanafalsafa walilitumia kwa uhusiano uliomo baina ya vitu vya ulimwengu, na mganga Galen alilitumia kwa kiungo cha mwili kinachougua kwa sababu kiungo kingine kinaugua.

Cicero, katika kitabu chake juu ya uaguzi alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alipolazimika kulifasiri neno hilo la Kigiriki hakuunda neno jipya. Alieleza maana yake kwa kusema juu ya maungano ya maumbile, akaongeza ‘concentus’, yaani kupatana kwa sauti, na ‘consensus’, yaani kuhisi pamoja. Ni baadaye sana, katika maandishi ya Kikristo, ndipo ‘compassio’ lilipotokea. Miongoni mwa wa mwanzo kulitumia alikuwa Tertullianus wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia, aliyeandika kwenye mwaka 200 baada ya Kristo.

Sarufi yenyewe inatoa ushahidi kwamba neno hili ni la baadaye. Katika Kilatini cha kale, kitenzi kilipopata kiambishi awali, irabu ya shina aghalabu ilidhoofika. Hivyo ‘pati’ pamoja na ‘per-’ ilikuwa ‘perpeti’, kwa e. Lakini ‘compati’ imebaki na a yake. Irabu hiyo ambayo haikudhoofika yatuambia kwamba kiambishi kiligundishwa wakati kanuni ile ya sauti ilikuwa imekwisha nguvu. Kwa maneno mengine, ‘compassio’ ni istilahi. Wasomi waliikalia chini, wakalifuata umbo la Kigiriki kipande kwa kipande.

Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo walipounda ‘Mitleid’: ‘mit’, pamoja na, na ‘Leid’, machungu. Neno hilo walikuwa nalo wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Basi mnyororo wa kutafsiri kipande kwa kipande ulianza kwa Wagiriki, ukapita kwa Walatini na Wajerumani, ukafika hata milimani juu ya Mwaya. Swali letu ni kama Kiswahili nacho kinalazimika kujifunga katika mnyororo huo.

‘Com-’ si ‘-ana’

Wanaounda ‘uhurumiano’ huwaza hivi: ‘com-’ ni pamoja, katika Kiswahili jambo la watu pamoja huonyeshwa kwa -ana, kwa hiyo ‘com-’ ni -ana. Hoja hii ina mvuto lakini si sahihi.

Kiambishi ‘com-’ chasema kwamba mtu fulani yu pamoja na mwingine katika hali ambayo huyo mwingine alikuwa nayo kwanza. Mmoja anaumwa, wa pili anakuja kuwa naye katika maumivu hayo. Hakisemi kwamba wa kwanza naye anamrudishia wa pili jambo lile lile. Kiambishi -ana katika kauli ya kutendeana chasema hivyo hasa. Juma na Ali wakipigana, kila mmoja amepiga na kila mmoja amepigwa. Hata tukibadili mpangilio tukasema ‘Juma alipigana na Ali’, Ali hakuwa mtazamaji.

Yamkini msomaji atatupinga kwa kutaja vitenzi kama kuandamana, kuambatana na kufungamana, akasema kwamba humo mna kuwa pamoja bila kutendeana. Pingamizi hilo ni la haki, nasi hatulikatai. Lakini vitenzi hivyo vimekwisha kuzoeleka na umbo lake, na kila kimoja kina maana yake maalumu. Mzungumzaji akutanapo na kitenzi kipya chenye -ana juu ya shina lililo wazi kama -hurumia, hakifananishi na kuandamana. Hukielewa kama kusaidiana, kupendana na kutembeleana. Ndivyo alivyokielewa yule mama wa Mwaya, na ndivyo atakavyokielewa mgonjwa.

Kuna mahali ambapo -ana ni haki yake. Makubaliano yaliyotiwa saini na CCM na CUF juu ya Zanzibar mwaka 1999, na tena mwaka 2001, yaliitwa Muafaka, neno lenye asili ya Kiarabu. Mashauriano yaliyotangulia Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya mwaka 2010 yaliitwa Maridhiano, kutoka -ridhi, -ridhia, -ridhiana. Hapo pande zote mbili zilitakiwa kuridhia. Upande mmoja ukikataa, hakuna maridhiano. Angalia kwamba jina hilo lilitosha kuibeba dhana ya ‘consensus’, ndugu wa ‘compassio’, bila ya mtu kulivunja neno la Kilatini vipande. Lakini wodini mambo si hivyo. Muuguzi anatakiwa awe na huruma hata kama mgonjwa ni mkali, hajitambui, au amekwisha kukata kauli. Kumwandikia ‘ahurumiane’ ni kuufanya wajibu wake utegemee jambo ambalo mgonjwa hawezi kulitenda.

Sifa na upungufu wa ‘kuhurumia’

Je, basi turudie -hurumia tu? Kwa matumizi ya kila siku, ndiyo. Huruma ni neno zima, lajulikana na wote, wala halihitaji kubadilishwa. Hata hivyo mfasiri lazima ajue mwelekeo wake. ‘Anamhurumia’ ina mtendaji na mtendewa: mmoja ana nafasi, mwingine hana. Hakimu humhurumia mshtakiwa, tajiri humhurumia maskini. Rehema ina mwelekeo huo kwa nguvu zaidi, na aghalabu hutazamiwa kutoka kwa Mungu. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ule ule utoao neno la tumbo la uzazi. Imani, ambayo kwa Kiarabu ni kusadiki, kwetu imepanuka hata ikawa wema wa moyo, kama tusemapo kwamba fulani hana imani hata kidogo. Maneno haya yote ni mema, lakini hakuna hata moja linalosema wazi kwamba mhurumu ameshuka akakaa pale alipo mwenye machungu.

Pana na utata wa kisarufi wa kuangaliwa. Katika Kilatini, ‘compassio matris’ yaweza kuwa huruma aliyo nayo mama, au huruma aonewayo mama. Kiunganishi chetu -a cha umilikaji kina utata huo huo: ‘huruma ya mgonjwa’ ni ya nani? Katika sheria na miongozo hapana budi kuandika ‘huruma kwa mgonjwa’ au ‘kumhurumia mgonjwa’, ili maana isibaki njia panda.

Somo kutoka Mwaya

Kanuni tuliyoizoea katika kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha tutazame lugha nyingine za Kibantu kabla ya kwenda mbali. Ndivyo tulivyopata ‘ngeli’ kutoka Kihaya na ‘Ikulu’ kutoka Unyamwezi. Kwa hiyo ni halali kuuliza kama jirani zetu wana neno la kutufaa.

Kiganda kina ‘ekisa’, huruma. Lakini likiingia kwetu litagongana na kisa, habari au mkasa. Ng’ambo ya ziwa, Kichewa kina ‘chifundo’, nalo litatuletea fundo. Huko Mwaya kwenyewe Wanyakyusa wana neno ‘ukwangala’, ambalo Monica Wilson alilifanya kuwa nguzo ya kitabu chake ‘Good Company’ cha mwaka 1951, kilichotokana na utafiti wa miaka ya 1930. Alieleza kwamba neno hilo lataja furaha ya kuwa pamoja, kula na kunywa pamoja, mazungumzo ya watu walio sawa na adabu iendayo nayo, na kwa upana wake kusaidiana kunakotokana na urafiki huo.

Hatupendekezi kulikopa ‘ukwangala’ kwa maana ya ‘compassio’. Asili yake ni furaha, na kulihamishia wodini ni kulidhulumu. Lakini latufundisha mambo mawili. Kwanza, ni kitenzi-jina: ‘ukw-’ yake ni sawa na ‘kw-’ yetu katika kwenda na kwisha. Wenye lugha hawakuona haja ya kuunda jina la dhahania ili dhana iheshimike. Nasi tuache kudhani kwamba kila jina la Kilatini lenye ‘-io’ sharti lipate jina letu lenye u- mwanzoni na -o mwishoni. Pili, msingi wa neno hilo ni kuwapo. Mtu hatengi hisia na mahali alipokaa.

Jambo hilo la pili Kiswahili nacho kinalijua. Mtu akifiwa, hatuulizi kama jirani alihuzunika kiasi gani. Twauliza kama alifika. Aliyekaa mkekani, akateka maji, akapasua kuni, akachimba kaburi, huyo twasema ameshiriki msiba. Katika kitenzi hiki, -shiriki, tofauti yote tuliyoitafuta imekwisha kuwamo. Kushiriki ni kuingia katika jambo lililo la mwingine na kubeba fungu lake. Kushirikiana ni kutendeana. Aliyeshiriki msiba hamdai mfiwa amfariji yeye.

Mzee yule, baada ya kicheko kutulia, ndiye aliyetumia neno hilo. Alisema kwamba kama tunataka muuguzi akae na mgonjwa katika uchungu wake, basi tuandike kwamba ashiriki. Hatukuwa tumemfundisha.

Neno juu ya ‘empathia’

Wasomaji wametuuliza pia juu ya ‘empathia’, neno ambalo siku hizi lapatikana katika kila mwongozo wa ualimu na uuguzi. Lenyewe si la kale. Mjerumani Robert Vischer alitumia ‘Einfühlung’ mwaka 1873 alipokuwa akichunguza jinsi tunavyovitazama vitu vya sanaa, na mwaka 1909 mwanasaikolojia Edward Titchener akalitungia Kiingereza neno lenye sura ya Kigiriki ili kulifasiri. Kiambishi chake si cha ‘pamoja’ bali cha ‘ndani’: kuifahamu hali ya mwenzako kana kwamba umo ndani yake, hata kama wewe huteseki. Kwa hiyo halipaswi kufasiriwa kwa neno lile lile la ‘compassio’.

Rasimu ile ililifasiri kwa kumtaka muuguzi ‘avae viatu vya mgonjwa’. Huo ni msemo wa Kiingereza uliovikwa kanzu. Kwetu mtu aendaye kumpa mwenzake pole huvua viatu vyake mlangoni. Havai vya mwenyeji. Kiswahili kina methali zake juu ya jambo hili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Methali hizi zatukumbusha pia mpaka wa dhana yenyewe: machungu ya mwingine hayajulikani yote, na mwongozo mzuri usimwahidi mgonjwa kwamba yatajulikana.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali yafuatayo:

1. Katika maandishi ya kawaida, ‘compassio’ na watoto wake wa Ulaya yafasiriwe ‘huruma’, na kitenzi chake kiwe ‘kuhurumia’.

2. Pale ambapo maana ya kuteseka pamoja na mwingine inatakiwa kwa dhati, itumike ‘kushiriki machungu ya’ fulani. Muuguzi ashiriki machungu ya mgonjwa. Mwalimu ashiriki machungu ya mwanafunzi aliyefiwa.

3. ‘Kuhurumiana’ itumike tu pale ambapo kila upande unamhurumia mwenziwe, kama baina ya majirani au ndugu. ‘Uhurumiano’ liachwe.

4. ‘Empathia’ ifasiriwe kwa maelezo, ‘kuifahamu hali ya mwingine’, mpaka litakapopatikana neno lililokwisha kujaribiwa na watumiaji.

5. Katika sayansi ya mwili, ambako maneno ya ukoo wa ‘sumpatheia’ hutaja uhusiano wa neva na viungo, neno huruma lisitumike kabisa, kwa kuwa neva hazina huruma. Hapo afadhali kutohoa.

Tungependa kuongeza jambo moja kwa wenzetu wa ofisini. Rasimu ile ilikuwa imepitiwa na watu waliosoma, sisi tukiwamo, na hakuna aliyeliona kosa lile. Lilionwa na msikilizaji ambaye hakuwa na kamusi wala jedwali la viambishi, bali alikuwa na uzoefu mrefu wa kuuguza na kuuguzwa. Mgonjwa ndiye atakayesomewa maneno yetu akiwa hana nguvu ya kuuliza maana yake. Basi istilahi kabla ya kupigwa chapa isomwe kwa sauti mbele ya wale watakaoishi nayo. Wasomaji walio na maneno mengine ya dhana hii, hasa kutoka lugha za ukanda wa ziwa na za pwani, tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi mbili au tatu za matumizi yake.